Uzi maalumu kwa wapiga besi wa Dodoma na kanda ya kati: vyombo, kwaya na maisha ya bendi

NyuziNne (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kwa mliotutangulia, shikamooni.

Uzi huu ni wa wapiga gitaa la besi wa ridhaa: wa kwaya, wa bendi za harusi, wanafunzi wa UDOM na wale wanaojifunzia chumbani Nkuhungu au Ipagala. Swali linalokuja kwangu mara nyingi ni "ninunue besi gani?" Nitalijibu, ila msimamo wangu nautoa mapema. Besi ya kawaida iliyowekwa sawa na kutunzwa inakutosha miaka mingi. Hela iliyobaki peleka kwenye waya, nyuzi, mkanda na nauli ya mazoezi. Wapo wenye besi za bei kubwa wanaoachwa kwenye safari kwa sababu hawaelewani na mpiga drams, na wapo wenye besi iliyochubuka rangi wanaofuatwa hadi nyumbani.

Majina mtakayokutana nayo zaidi ni Yamaha, Ibanez na Squier. TRBX174 ya Yamaha na GSR200 ya Ibanez zimetengenezwa kwa wanaoanza na zinabeba ibada, harusi na ukumbi bila shida. Besi ya umeme tunayoijua leo ilishika umbo kwa mtengenezaji magitaa Mmarekani, Leo Fender, akatoa Precision mwaka 1951 na Jazz mwaka 1960, na besi nyingi za bei nafuu zinafuata mojawapo ya hizo mbili. Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka nati ya juu (kile kipande cha kichwani mwa shingo) hadi briji (kile cha kwenye mwili), ni inchi 34. Kama unamnunulia mtoto au mikono yako ni mifupi, tafuta ya inchi 30. Ni besi kamili, usikubali mtu akuambie ni ya kuchezea.

Ukinunua mtumba, usilipe kwa kuangalia picha ya WhatsApp. Nenda, ikamate. Iangalie shingo kwa urefu, kama fundi seremala anavyokagua ubao. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa mkono mmoja na freti ya mwisho kwa mkono mwingine, uangalie katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Panatakiwa kuwe na upenyo mdogo wa kupitisha kadi ya biashara, basi. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyume. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele. Vyote hivyo mara nyingi vinarekebishika kwa kile chuma kilichopita ndani ya shingo, lakini muulize muuzaji kama nati ya hicho chuma bado inazunguka. Ikiwa imelika au imekwama, punguza bei sana au achana nayo.

Halafu piga kila freti kwenye kila uzi, polepole, moja baada ya nyingine. Muuzaji atakuharakisha, asikubabaishe. Unasikiliza freti inayokwaruza na ile inayokufa ghafla. Zungusha vitufe vyote huku besi imechomekwa: mkwaruzo kidogo ni vumbi, linasafishika kwa dawa ya kupuliza ya mafundi elektroniki. Tingisha jeki. Kama sauti inakatika na kurudi, hiyo ni kazi ndogo ya kuchomelea lehemu. Mwisho, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza upate ile sauti nyembamba, kisha ubonyeze hapo hapo. Noti mbili zifanane. Ya kubonyeza ikiwa juu, kile kipande kinachobeba uzi kwenye briji kirudishwe nyuma; ikiwa chini, kisogezwe mbele.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wa huku kuliko watu wa Dar au Tanga: ukavu. Dodoma mvua ikikatika, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa inanyonya unyevu wa mbao. Mbao za shingo zinanywea lakini freti ni chuma, hazinywei, ndiyo maana ukipitisha kiganja pembeni ya shingo mwezi wa tisa unahisi ncha zinakukwaruza. Shingo nayo inaelekea kunyooka, nyuzi zinashuka, freti za mwanzo zinaanza kukwaruza. Watu wengi hapo wanasema gitaa limekufa wakati limekauka tu. Chukua alenki inayoingia sawasawa, legeza kile chuma robo mzunguko kuelekea kushoto, tyuni upya, acha hadi kesho, angalia tena. Usizidishe robo kwa siku. Mvua za Desemba zikishika, shingo inarudi mbele na nyuzi zinapanda, basi unakaza robo kulia.

Kinga yake ni rahisi: besi ikae kwenye begi, si ukutani karibu na dirisha. Ndani ya begi weka kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji iliyolowa na kukamuliwa isidondoshe. Na usiiache kwenye gari juani, hata kama mnaingia kula mara moja.

Waya nao. Nunua waya mmoja mzuri wa gitaa kuliko mitatu ya bei ya chini. Waya wa gitaa una wavu wa kukinga ndani, wa spika hauna. Ukitumia wa spika kwenye gitaa utasikia mvumo, na ukitumia wa gitaa kati ya amplifaya na boksi la spika unaweza kupata moto na kuua amplifaya. Kwa macho vinafanana, soma maandishi kwenye ganda.

Mkanda uwe mpana. Besi ina karibu kilo nne, na ibada za kwetu ni ndefu. Mafundi cherehani wa mabegi wanaweza kukushonea mkanda wenye sponji ndani kwa hela ndogo kuliko wa dukani.

Nimeandika sana, nitaendelea kwenye maswali. Karibuni.

Kondoa_Bass

Mkuu ubarikiwe. Sisi huku kwaya ina spika mbili za inchi 12 na mixa ndogo. Nikiongeza besi kwenye mixa sauti inakuwa kama inavuma tu, waimbaji wanalalamika. Nikipunguza hawanisikii. Nifanyeje?

NyuziNne

Kondoa_Bass, hili ni tatizo la makanisa mengi na dawa yake haina gharama.

Uzi wako wa E ukipigwa wazi unatoa mtetemo wa karibu 41 kwa sekunde. Spika nyingi za inchi 12 haziwezi kuutoa vizuri huo. Unachokisikia ukumbini ni ndugu zake wa juu, 82 na 123, na sikio lenyewe linaijua noti kutokana na hao. Sasa ukiongeza kitufe cha chini kabisa, unamlazimisha amplifaya atumie nguvu zake zote kusukuma kitu ambacho spika haiwezi kukitamka. Ndipo unapopata mvumo, na sauti za waimbaji zinazama humo humo.

Fanya kinyume. Kitufe cha chini kirudishe katikati au chini kidogo ya hapo. Cha kati, kama mixa yako inakuruhusu kuchagua, kipandishe kidogo kwenye eneo la 700 hadi 1000. Kwenye besi yenyewe fungua toni zaidi ya ulivyozoea. Ukiwa peke yako utaiona sauti mbaya, ina makelele ya vidole. Kwaya nzima ikianza, utashangaa ilivyokaa. Besi isihukumiwe ikiwa peke yake.

Hilo hilo linasaidia mkiweka video mtandaoni. Wanaotazama kwa simu hawapati kabisa zile za chini, ila hiyo ya kati wataipata.

Na mwambie mpiga kinanda aache mkono wa kushoto. Simaanishi umgombeze. Kaa naye pembeni kabla ya mazoezi, mkubaliane: wewe ukiwepo, yeye anakaa kuanzia katikati ya kinanda kwenda juu. Besi mbili zisizokubaliana zinaharibu wimbo kuliko kukosa besi kabisa.

Mama_Alto

Mimi si mpiga besi, ni mwimbaji, lakini naomba niwasemee waimbaji wenzangu. Mtu anaanzisha pambio, mpiga besi anahangaika kutafuta ufunguo kwa sauti kubwa beti nzima. Inatutoa kabisa. Hakuna namna?

NyuziNne

Shikamoo mama. Ipo namna, na umegusa penyewe.

Kwanza, shusha sauti kwenye gitaa. Tafuta ufunguo kimya kimya, uzi wa A au D, hata kwa kuweka sikio kwenye pembe ya gitaa. Usitafute noti anayoanzia mwimbaji, mapambio mengi hayaanzii nyumbani, yaani kwenye noti kuu ya ufunguo. Subiri mwisho wa mstari, pale anapotulia na watu wanapovuta pumzi. Mara nyingi noti hiyo ndiyo nyumbani. Mstari wa pili unaingia. Kukaa kimya mstari mmoja hakuna anayekulaumu.

Pili, na hili vijana mlishike sana: usimuulize mpiga kinanda "uko ufunguo gani" ukaishia hapo. Wengi wanapiga vidole vya C maisha yao yote na kubadilisha kwa kitufe cha kuhamisha sauti. Atakujibu C kwa moyo mweupe wakati spika zinatoa kitu kingine. Angalia kioo cha kinanda. Kila namba pale ni freti moja kwako. Yeye yuko C na kioo kinasema 3, wewe uko E flati: C yako iko freti ya tatu ya uzi wa A, ongeza tatu, unatua freti ya sita. Kikisema hasi 2, rudi mbili, freti ya kwanza, B flati. Ukishazoea unasoma kioo tu, huhitaji kumuuliza mtu.

UDOM_groove

Hapo kwenye E flati ndipo linapokuja swali langu. Wenzangu wote wanasema ninunue ya nyuzi tano. Nina hela ya moja tu. Nne au tano?

NyuziNne

Inategemea unapiga wapi. Ule uzi wa tano, B, unashuka hadi karibu 31, chini zaidi ya hiyo E niliyomweleza mdau wa Kondoa, kwa hiyo usitegemee spika za kanisani zikupe ule mtikisiko unaousikia kwenye rekodi. Faida yake halisi ni nyingine: nyimbo zikihamia D au E flati, unakuwa na noti ya nyumbani ya chini, na mkono haurukiruki. Kama kwaya yenu inahamahama hivyo kila Jumapili, nunua tano. Kama ndiyo unaanza, au mnapiga dansi na zilipendwa, nne zinatosha, na shingo nyembamba inakufundisha mkono vizuri. Ila kama ya nyuzi tano ni ya bei nafuu, jaribu ule uzi wa B kabla ya kulipa. Wengi wanakuta umelegea na hauna sauti ya kueleweka. Hapo bora nne nzuri.

Kuhusu mazoezi ya chumbani, wengi wenu mnachomeka kwenye sabufa. Kwa sauti ndogo sawa. Ukifungua, ile karatasi ya spika itachanika, haikutengenezwa kupokea pigo la ghafla la uzi. Vipo vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye gitaa na kusikilizia hedifoni, vinaokoa sabufa na ujirani.

Fungua programu ya metronomu kwenye simu, weka 60, na chukulia kila mlio ni pigo la pili na la nne. La kwanza na la tatu ulibebe wewe. Ni gumu mwanzoni, na ndilo zoezi linalotenganisha anayesindikiza na anayebeba. Kisha msikilize mpiga drams wako, ule mguu wake unaopiga ngoma kubwa. Noti yako na mguu wake vitoke pamoja. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown ya Marekani, alipiga mistari migumu sana kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, kwa hiyo suala si wingi wa vidole. Nyumbani sikilizeni Msondo, bendi iliyoanza kama NUTA mwaka 1964, na Mlimani Park waliofuata mwaka 1978. Fuatilia besi tu wimbo mzima, uone inavyotulia waimbaji wakiimba na inavyobadilika magitaa yakifunguka.

FundiSauti_Makole

Natia neno la umeme kwa sababu naona vijana wanahatarisha maisha. Besi nyuzi zake zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya. Amplifaya yako ikiwa haina ardhi, au imechomekwa kwenye jenereta na mixa imechomekwa sehemu nyingine, ukishika nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni unaweza kupigwa shoti, na shoti ya voti 230 inaua. Kwa hiyo: usikate ile pini ya ardhi kwenye plagi, hata kama inaondoa mvumo. Vyombo vyote vya jukwaani vitoke chanzo kimoja. Ukihisi mtekenyo kwenye midomo, acha kupiga, mwite fundi apime.

Mvumo una dawa yake. Tumia DI boksi, kile kisanduku kidogo cha kuunganisha gitaa na mixa: jeki inaingia upande mmoja, waya wa pini tatu unakwenda kwenye mixa, na pale pembeni kuna kitufe cha kutenganisha ardhi ya ile njia ya sauti. Kibonyeze, mvumo mara nyingi unakatika na usalama wa amplifaya yako unabaki palepale. Mpiga besi anayekuja na DI yake nampenda sana.

NyuziNne

Asante sana fundi, hili lisomwe na kila mtu.

Naongezea la betri. Besi za aktivu, zile zenye kikuza sauti ndani yake, zina betri ya voti 9, na betri inaliwa muda wote jeki ikiwa ndani, hata kama hupigi. Ukimaliza, chomoa. Beba ya akiba kwenye begi, maana dalili yake ni sauti kuanza kupasuka katikati ya wimbo.

Chamwino_Zeze

Wakuu, sisi tuna kikundi tunachanganya ngoma za Kigogo na gitaa. Tuna ilimba (ile ya vijiti vya chuma vya kupiga kwa vidole gumba), zeze na muheme, ngoma za akina mama. Besi ikiingia kuna kitu hakikai, hasa kwenye nyimbo zile za zamani. Tumetyuni kwa simu kila mtu na bado.

NyuziNne

Swali lako limenifurahisha kuliko yote. Hii ni hazina ya kwetu, marehemu mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliitembeza duniani, na wapiga besi wa mkoa huu tunaijua kidogo mno.

Simu inatyuni kwa mpangilio wa kinanda. Muziki wa Kigogo haukujengwa juu ya mpangilio huo. Noti zake zinafuata sauti za asili zinazojificha ndani ya uzi mmoja. Unaweza kuzisikia sasa hivi kwenye besi yako. Gusa uzi wa A bila kubonyeza, freti ya 12, kisha ya 7, kisha ya 5, kisha kabla kidogo ya ya 4, juu kidogo ya ya 3, na mwisho kabla kidogo ya ya 3. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye shida. Ni sauti ya saba, na iko chini ya noti ya freti kwa karibu theluthi ya nafasi ya freti moja. Ilimba na waimbaji wanaiimba hapo ilipo. Wewe ukibonyeza freti, unaipiga juu yao, mnagombana.

Kwa hiyo fanya hivi. Tyuni besi kwa ilimba, si ilimba kwa simu, kwa sababu ilimba haibadilishwi haraka jukwaani na ndiyo mwenyeji. Kisha kaa kwenye noti ya nyumbani na ya tano yake, hizo zinaelewana vizuri. Ile ya saba waachie zeze na sauti za akina mama. Ukiwa na besi isiyo na freti unaweza kuifuata, lakini sikio liwe limeiva. Na pigo lako lifuate ngoma kubwa ya muheme kama vile ungefuata mguu wa drams. Akina mama wanaopiga muheme wana utulivu wa pigo ambao wengi wetu tunautafuta kwenye metronomu. Kakae nao.

Chamwino_Zeze

Nimeelewa. Kumbe kazi ni kupunguza, si kuongeza. Tutajaribu wiki hii.

Kondoa_Bass

Mkuu la mwisho. Nyuzi zangu zimekufa na huku hazipatikani. Na nimeitwa kwenye bendi ya harusi Mpwapwa, sijui niongee nao vipi kuhusu hela.

NyuziNne

Nyuzi: agiza seti ya unene wa 45 hadi 105, ya besi ndefu. Ya gitaa la solo haifai hata kwa dharura. Wakati unasubiri, zivue, zichemshe dakika kumi kwenye maji safi, zikaushe kabisa kwa kitambaa, zirudishe. Mafuta na uchafu vinatoka, sauti inarudi kwa muda. Hairudi milele, na ukirudia mara nyingi zitakatika. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu; jasho likichanganyika na vumbi la huku linaziua haraka.

Harusi: ongea kabla hujapanda gari, na umwombe aliyekuita akuandikie kwa ujumbe ili ubaki nao. Kiasi gani, kinatolewa lini, nani analipa nauli ya kwenda na kurudi, mnalala wapi sherehe ikiisha usiku. Uliza pia amplifaya ya besi ipo au unapitia kwenye mixa, na mkienda na jenereta rudi usome alichoandika fundi. Omba orodha ya nyimbo na ufunguo wake. Kama ni ndugu yako anaoa na unapiga kwa mapenzi, sema hivyo waziwazi mapema, isije ikawa baadaye unanung'unika pembeni. Kwenye bendi ngeni fika mapema, salimia wakubwa, tyuni kimya, na wimbo wa kwanza piga kidogo. Wakikuona umeshika pigo, watakufungulia nafasi wenyewe.

Na kuhusu kuagiza: kuna mdau anakwenda Kariakoo wiki ijayo na kurudi kwa SGR. Wanaotaka nyuzi waandike hapa chini, seti ya nne au ya tano, tuunganishe oda moja. Kondoa_Bass, za kwako zitakuja na basi kutoka hapa.

UDOM_groove

Seti moja ya nne. Nimeshaamua.